Nailoni Upande wa Ndani

Stratford, London
17 Januari 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima na ule mgongo umetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Barua yako nimeipata. Unasema Teresia binamu yangu amekuandikia kwamba aliniona nimevaa buti, nimebeba mbao begani kama kuli, nawe unaniamuru nirudi kwenye unesi. Teresia hakusema uongo. Unesi niliuacha miaka miwili iliyopita, na sirudi.

Najenga nyumba za mbao, Baba. Najua utaguna, maana kwako wewe seremala mbao ni za milango na vitanda, nyumba ni tofali. Huku tunasimamisha fremu ya mbao, tunajaza pamba nene kama godoro kati ya nguzo, tunafunika, na mwenye nyumba anakaa na fulana wakati nje kuna barafu. Bosi wangu ni Mzee Avtar, Singasinga mzaliwa wa Moshi, anayefoka kwa Kiswahili chetu hiki hiki.

Mwezi wa kumi na moja aliniachia ukuta mzima. Nikatandaza nailoni upande wa nje, kwa sababu kwetu maji ni mvua, na mvua iko nje. Kumbe huku unyevu unatoka ndani: pumzi za watu, masufuria, bafu. Hewa ya joto inapenya ukutani, ikikutana na ubaridi inageuka maji, na nailoni yangu ya nje ikayafungia humo humo. Wiki tatu baadaye nikitoboa tundu la soketi, nikakuta pamba imelowa chapachapa. Bodi zilishapigwa, rangi imepakwa, hakuna aliyejua. Ningenyamaza, nguzo zingeoza taratibu, nami nimeshahamia kazi nyingine.

Nilimwambia Mzee Avtar mbele ya mafundi wote. Walicheka, mmoja akasema nikatandike vitanda vya wagonjwa. Mzee aliniambia nibomoe tu. Nilibomoa, nikajenga upya kwa siku nne, nailoni upande wa ndani, na sikuomba msaada wa mtu. Wiki iliyofuata alinikabidhi nyumba nzima niisimamie.

Unaandika kwamba mwanamke hana mkono wa randa. Basi, Baba, kosa langu nimelitangaza mwenyewe, na hili nalo nalitangaza. Mlango wako wa mbele, ule wa mninga uliowaonyesha wageni kwenye harusi ya Justin ukisema kijana amerithi mkono wako, hakuutengeneza Justin. Niliutengeneza mimi, wiki zile ulizolazwa hospitali. Kaka yangu hata bawaba zilimshinda. Sifa nilimwachia kwa kuogopa ungeupasua kuni. Sasa siogopi, na simwachii tena. Ukitaka upasue, lakini kwanza ufunge, uangalie kama hata wembe unapita kati yake na fremu.

Nisalimie Mama sana. Justin mwambie nimeshasema, asihangaike kukana.

Ni mimi mwanao, fundi,
Placida