Mchakacho Katika Gari la Daktari wa Meno

Gereji, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kwa mikono niliyoiosha mara tatu na bado inanuka oili, kwa hiyo ukiona doa pembeni mwa karatasi usidhani nimemwaga chai. Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mapacha wameshaacha kugombea kitanda cha juu, au bado wanatoana manundu? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Mimi jicho la kushoto linatoa machozi nikichomelea, na mgongo unauma asubuhi tu, jioni siuhisi kwa sababu mwili wote unauma.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza mpaka lini nitaendelea kuandika kurasa mbili bila kumtaja binti yangu anayeishi kwako. Leo nitamtaja. Lakini nitaanza na wapumbavu, maana bila wao hutaelewa.

Unalikumbuka lile benchi mlangoni pa gereji? Bado linakaliwa kila Jumamosi na watu wale wale wanaojiita wapenzi wa magari. Mimi nawaita Bunge. Spika wao ni kinyozi wa jirani, ambaye gari lake liko juu ya mawe tangu kabla mapacha hawajazaliwa, na kuku wametaga kwenye siti ya nyuma. Msaidizi wake ni karani wa bima, mtu anayekuja na baiskeli, anaiegemeza ukutani, halafu anaanza kukuelezea giaboksi. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nimepangiwa madebe mlangoni.

Miezi hii wamepagawa na toleo la mwakani la gari moja ambalo hakuna hata mmoja wao atakayeligusa. Eti litakuwa na skrini kutoka mlango hadi mlango. Eti viti vitakukanda mgongo. Karani anaapa kwamba ukisinzia usukani utakutikisa, kinyozi anabisha kwamba si usukani, ni siti. Siku moja walikaribia kushikana mashati kwa jambo hilo, watu wazima na mvi zao. Mimi nikiwa chini ya lori nilitamani jeki iteleze, ama inimalize mimi ama inifanye kiziwi.

Lakini wimbo wao mkuu ulikuwa ramani inayosema. Kila Jumamosi, ramani, ramani. Gari linajua njia, gari linakuambia pinda hapa, na sasa linasema Kiswahili! Walinitupia jicho kila waliposema hivyo. Niliwajibu kwamba mtu asiyejua njia ya kwenda kwake hastahili gari, anastahili kamba shingoni aongozwe. Walicheka, wakaendelea.

Basi, wiki nne zilizopita daktari wa meno alileta gari lake, toleo la mwaka huu, safi kama bakuli la harusi. Akasema kuna mchakacho kwenye gurudumu la mbele. Nikamwuliza unatokea lini. Akasema unatokea tu ramani ikiwa inaongea.

Mdogo wangu, nimeshika spana miaka thelathini na moja. Nimeambiwa na wateja kwamba gari lina pepo, kwamba gari lina wivu. Sijawahi kuambiwa gurudumu linachakacha kwa sababu ya maongezi. Nikamtazama nikajisemea, huyu ndiye anayeng'oa watu meno. Hata hivyo mteja ni mteja. Akaniwekea safari kwenye skrini, akanionya nisiizime, akaondoka.

Unajua ninavyotafuta mchakacho. Naenda peke yangu, vioo vimefungwa, redio imezimwa, na simtaki mtu wa kunisemesha. Nasikiliza kwa mwili mzima. Nikatoka langoni, na ile ramani ikasema: baada ya mita mia mbili, pinda kulia.

Nilifunga breki katikati ya barabara. Dereva wa nyuma alinitukana matusi ambayo sitayaandika, na kwa mara ya kwanza maishani sikumrudishia.

Wewe ndiye uliyemfundisha, kwa hiyo wewe utaelewa haraka kuliko mtu mwingine. Alipokuwa mdogo, kigugumizi kikimkamata kwenye neno, ulikuwa ukimkalisha jikoni, unamwambia avute pumzi kidogo kwanza, halafu alitoe neno polepole kama anayetoa sahani kabatini. Ile pumzi ipo. Ipo kabla ya "mia". Wengine hawaisikii, lakini mimi niliishi nayo miaka kumi na tisa mezani kwangu. Ni mwanangu aliyekuwa akinielekeza niende wapi.

Nitaandika sasa kile ambacho hujawahi kukisikia kutoka kwangu. Siku aliponiambia anataka kazi ya kutumia sauti, alinikuta mlangoni, Jumamosi, Bunge limejaa. Nilicheka. Nikasema mbele yao: mwenye kigugumizi atangaze nini, mpaka amalize habari si itakuwa kesho? Wakacheka wote. Yeye hakulia. Aliniwekea chakula changu juu ya boneti, kikiwa kimefunikwa vizuri, akaenda kufunga begi. Miaka minne sasa. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulimponza mtoto.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza wifi yako, huyo binti yako anafanya kazi gani siku hizi. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Leo ndiyo unauliza?" Basi. Na huwa anazungumza naye kwa simu chumbani kila wiki, nami hujifanya natafuta miwani koridoni.

Nawe ulijua. Barua nane umeniandikia, umenieleza mpaka rangi ya mapazia, na hilo ukanificha. Najua, nilikukataza kumtaja. Tangu lini unanitii?

Gari la daktari nilikaa nalo siku nne. Nilifungua gurudumu, nikabadilisha kinachobadilishika, nikakaza kilichokazwa tayari. Kila alasiri nilitoka kulijaribu. Ramani ikisema pinda kulia, nilipinda kushoto. Hapo hunyamaza kidogo, halafu huanza upya kunipangia njia nyingine, kwa upole ule ule, bila hata kukasirika. Nilizunguka mitaa ya viwandani mpaka walinzi wakaanza kunipungia mkono. Siku ya tatu niliiambia, "Mwanangu, nilikukosea." Ikaniambia kwenye mzunguko nitoke njia ya pili.

Nilijiona mjinga kuliko wabunge wote nikiwajumlisha.

Siku ya nne nilimwita daktari, nikamwambia ukweli ambao fundi hapendi kuusema, kwamba sikuuona mchakacho. Akasema labda utarudi. Na kweli kila wiki ukawa unarudi! Daktari analeta gari, ananiwekea safari, mimi natoka nalo. Bunge wananitazama wanakenua. Nilidhani wananicheka kwamba mzee naye kaipenda ramani. Niliwaacha wadhani hivyo.

Jana sikuweza tena. Tusi lilitoka mlangoni pale, mbele ya watu wale, kwa hiyo nikaona ni pale pale nilifute, hata kama ni mbele ya watu nisiowapa heshima ya kuwashikisha tochi. Nilizima mashine ya kuchomelea. Nikawaambia: "Ile sauti ya kwenye ramani ni binti yangu. Yule niliyemcheka hapa mlangoni. Nilikosea, na nyinyi mlikosea kucheka na mimi."

Hakuna aliyecheka. Karani aliangalia baiskeli yake. Kinyozi akasema taratibu, "Tunajua, fundi. Mimi namnyoa daktari. Alinipa lifti miezi mitatu iliyopita, nikamsikia binti yako. Siku ile mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote."

Nikauliza, sasa mchakacho?

"Hakuna mchakacho," akasema. "Tulipiga kelele za ramani wiki nane, ukakataa hata kuinua kichwa. Tukaona wewe hukai ukasikiliza kitu mpaka kiwe kibovu."

Mdogo wangu, nimedanganywa na kinyozi! Siku nne nimelalia mgongo huu kwenye sementi nikitafuta ubovu uliotungwa kwenye benchi na watu wasioweza kubadilisha plagi! Niliwafukuza wote. Nikafunga lango saa tisa mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikakaa kwenye benchi lao peke yangu, nikalia. Asubuhi hii nimempelekea kinyozi mkate. Usimwambie mtu. Bado ni mpumbavu, na gari lake bado lina kuku.

Nisalimie shemeji, mwambie mashine yake ya kukata majani asimpe fundi wa huko, asubiri ushauri wangu. Wabusu mapacha. Msalimie na mama mkwe wako, nasikia masikio yamepona.

Halafu msomee binti yangu barua hii yote, hata pale ninapotukana, asije akadhani imeandikwa na mtu mwingine. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningebwata. Mwambie siombi arudi, na siombi aniambie yameisha, maana hayajaisha. Naomba anipigie. Mita na mizunguko nimeshavisikia vya kutosha. Namtaka anieleze maisha yake yalivyokuwa miaka hii minne, hata akichukua usiku kucha kulitoa neno moja, nami nitakuwa nimenyamaza.

Mungu awalinde nyote chini ya paa moja.

Wako akupendaye, na ambaye leo hana maneno makali ya kukuandikia,

Kaka yako, Fundi.