Fomu za Mama Lois

Jumanne, 1 Julai 1997

Masasi. Baridi asubuhi, vumbi mchana. Disketi ya Dk. Christopher imefika na basi. Hatimaye! Ndiye msimamizi wangu wa tasnifu, yuko Dar, na maelekezo yake mafupi kama telegramu. Nayanakili humu nisije nikayapoteza.

Chora mishale kwanza, ya nini kinasababisha nini, kabla hujagusa namba. Kitu unachopima hakionekani – hutamwona mtu akitembea na imani yake mkononi. Unauliza mambo matano yanayotokana na hiyo imani. Majibu yakienda pamoja, basi ipo. Hesabu mishale inayoingia mahali pamoja, zidisha kwa kumi, usiwe na watu pungufu ya hapo. Mimi mishale mitatu, watu 164. Niko salama.

Swali langu ni moja. Je, mkulima anayewaamini wanunuzi binafsi ndiye anayepulizia mikorosho yake salfa, dawa ya ugonjwa wa majani? Tangu soko lifunguliwe, salfa wanaileta haohao wanunuzi. Ruhusa yangu ya masomo inaisha Septemba. Nikikosa jibu, narudi ofisini mikono mitupu na wote watajua.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemaliza kuingiza fomu zote! Swali la nne la imani lina uzito wa 0.38 tu, limekaa peke yake halielewani na wenzake. Dk. Christopher kwenye simu: chini ya 0.7 litazame mara mbili, chini ya 0.4 lifute. Nimelifuta. Mshale wa imani kwenda kwenye salfa: 0.44. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Kisha kuchota upya. Kompyuta inachukua fomu moja bila kuangalia, inairudisha, inachukua nyingine, hadi zinatimia 164. Mtu mmoja anaweza kuitwa mara tatu, jirani yake asiitwe kabisa. Inarudia hivyo mara mia mbili. Ukiona jibu linayumbayumba, kuna watu wachache wanaolivuta.

Linayumba. Nimewatafuta, nimewapata. Fomu kumi na mbili, zote za kijiji cha Mkunya. Nikiziondoa, mshale unashuka hadi 0.11. Watu kumi na wawili ndio tasnifu yangu!

Wote wana miaka sabini na kuendelea. Wote wanasema wameuza korosho tangu miaka ya arobaini. Imani alama moja kati ya tano, salfa sifuri, moja, sifuri. Mwandiko wa Mama Lois. Jina lake Sijaona, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mkunya, ndiye mdadisi wangu wa huko. Optatus, mdadisi wa Chidya na Lulindi, alizitazama akacheka. Akasema mama kazipika hizo, kakaa jikoni kwake huku anamenya mihogo.

Ijumaa, 4 Julai

Dk. Christopher kasema aachishwe kazi leo leo. Nimeandika barua, nimetia sahihi.

Mama Lois aliisoma amesimama. Umri wa mama yangu mzazi. Hakubisha. Alisema ameandika walichosema wenye nyumba, basi. Nikamuuliza iweje wazee kumi na wawili wajibu kwa mdomo mmoja. Akasema niende nikawaulize wenyewe. Kisha akaniaga vizuri tu, akaondoka.

Nimemkasirikia. Mtu anayeonewa si hupiga kelele?

Jumatano, 9 Julai

Mkunya na Optatus, kwa pikipiki. Ukungu mzito, hatuoni mita kumi. Watu wanapulizia salfa ndani ya ukungu uleule – unasikia mashine inanguruma, humwoni mtu. Harufu imeganda kwenye nguo mpaka sasa.

Nimeanza na fomu 087. Selestini, miaka 76. Jirani yake, Bibi Dominika, alikuwa anaanika mihogo. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za mzee Selestini. Akanyoosha kidole upande wa shamba: amelala pale, mwaka wa tano huu.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi! Kumbe sikumwonea yule mama.

Halafu Bibi Dominika akageukia nyumba, akaita: "Selestini! Wageni wako hawa!"

Akatoka kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Mtoto wa dada wa marehemu. Bibi akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni: alirithishwa jina. Nikatabasamu, nikatoa fomu mpya, nikamuuliza ameanza lini kuuza korosho.

"Mwaka arobaini na tisa."

Hakuwa anatania. Akasema alikwenda Newala kwa miguu na kilo zake, mwenye duka akaegemeza goti chini ya mzani ili kilo zipungue. Alinionyesha goti lilivyokaa. Akasema bado analiona. Wanunuzi binafsi? Moja. Salfa yao? Haiingii shambani mwake.

Nilivuruga mpangilio, nikaanza na swali la mwisho. Majibu yaleyale. Mwanamke wa makamo, mtoto wa kuzaa wa marehemu, akaleta maji, akapiga goti mbele ya yule kijana: "Baba, karibu maji." Kijana akapokea bila kumtazama. Baba haswa.

Nikasema basi niambie maoni yako mwenyewe, wewe kijana.

"Yupi?" akauliza.

Optatus alikuwa ameshawasha pikipiki.

Alhamisi, 10 Julai

Nimerudi peke yangu, nimefika kaya saba kati ya zile kumi na mbili. Zote ni hivyo. Ukiuliza mkuu wa kaya, unatajiwa jina. Ukiuliza umri, unapewa umri wa jina. Na anayelibeba anajibu yaliyompata mwenye jina. Mama Lois hakupika kitu. Mtu yeyote wa Mkunya angeandika vile. Kosa ni langu mimi wa Bukoba niliyetunga dodoso mezani.

Nijiandikie, nisisahau tena: kabla hujamlaumu mdadisi, jua aliyehojiwa alisikia unamuuliza nani.

Na hili linanitisha – wale 152 wengine imani yao haiendi popote. Walio hai wanapulizia au hawapulizii, hakuna anayejali nani kaileta. Mshale wangu wanaushika marehemu peke yao.

Nimempigia Dk. Christopher. Nimemwambia namwandikia Mama Lois barua ya pili, ya kumsafisha. Akasema nikimsafisha, fomu zinabaki, na mtahini atauliza kijana aliyezaliwa mwaka sabini na mbili aliuzaje korosho mwaka arobaini na tisa. Niseme tu mdadisi alighushi. Tuzifute, tutafute kaya nyingine kumi na mbili mahali pengine, yaishe.

Barua ya pili nimeiandika. Iko kwenye mkoba.

Ijumaa, 11 Julai

Sikwenda kwa Mama Lois. Kesho.

Jumatatu, 14 Julai

Optatus kaingia bila hodi. Mama Lois amefariki. Homa, siku mbili. Wamemzika jana.

Barua iko kwenye mkoba.

Jumatano, 16 Julai

Ofisi yote imekwenda matanga. Mimi nilisema gari halina mafuta. Gari lina mafuta.

Jumatatu, 21 Julai

Nimechota upya tena, sijui kwa nini. Safari hii niliiambia kompyuta ionyeshe inawaita akina nani. Katika mchoto mmoja 087 ameitwa mara tano. Inawezekana, ni bahati tu, hesabu inaruhusu. Lakini nilikaa natazama – 087, 087 – kama mtu anayepiga hodi na hajibiwi. Nikazima umeme ukutani.

Jumatatu, 25 Agosti

Naandika haraka, niko ofisini, saa tano asubuhi. Lazima niandike, nisije nikasema nimeota.

Dk. Christopher anafika saa nane na karatasi ya mwisho: fomu kumi na mbili zimefutwa, sababu mdadisi alighushi. Inataka sahihi yangu tu.

Saa nne kaingia Lois, mtoto wa marehemu. Na nyuma yake Esther, binamu yake – yule msichana wa vitumbua pale stendi. Miaka kumi na tisa. Kila asubuhi ananiamkia, ananiongezea kimoja. Leo kavaa kitenge cha mtu mzima, hakuniamkia. Alipita hadi meza ya dirishani, akavuta kiti, akaketi.

Nikasema, Esther, karibu. Lois akanisahihisha, sauti ya chini: arobaini ilikuwa Ijumaa. Nimemleta mama.

Nikamwambia Lois pole sana, mama yako nilitaka kumwandikia –

"Mama yuko hapa," akasema Lois. "Mwambie mwenyewe."

Mimi nina miaka thelathini na nne. Nina shahada. Nilisimama, magoti yakakunjika yenyewe kidogo, na mdomo ukasema kabla sijauruhusu: "Shikamoo, Mama Lois."

"Marahaba," akasema. Hakutabasamu. "Uliwauliza?"

Nikasema niliwauliza.

"Wakasemaje?"

Nikageukia kabati la fomu. Lois aliangalia ukuta. Optatus alitoka nje, sijamwona tena. Aliyeketi dirishani akasema nimletee fomu zake za Mkunya, na kabla hajaja huyo mkubwa nimwambie kwa mdomo kama alipika au hakupika. Mkubwa akifika, nirudie mbele yake.

Nimempa. Anazipanga sasa hivi, moja moja, akilamba kidole. Barua ya pili nimeitoa mkobani, nimeiweka mezani kati yetu, hajaigusa. Anasema hataki karatasi, anataka sauti. Nje gari limesimama – mapema hivi! – na Dk. Christopher anauliza mlangoni yule aliyekaa pale ni nani, na wote wawili wananitazama mimi, na naweka kalamu chini, nijibu.