Karwirwa Anasoma Kama Mzungu

Kanja, Embu.
Jumanne, 11 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Gitari,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, wewe pamoja na mkeo Kawira. Joto la Doha linawaendeaje? Mguu wa Kawira umepona? Huku mashamba yameshalimwa na mvua inatutisha tu bila kunyesha. Mimi na mwanangu Muchangi tuko sawa. Mama yetu ni mgonjwa wa jicho, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Tafuta mahali uketi kwanza.

Utashangaa mbona sikupigii simu. Nimekataa makusudi. Nikikutumia sauti utaisikiliza kwa ile kasi yako ya kukimbiza, ukiwa kazini, halafu unijibu kwa picha ya kidole gumba. Maneno haya sitaki yakimbizwe. Naftaly wa kwa jirani anarudi huko wiki ijayo, atakupa mkononi.

Alhamisi iliyopita jioni Mama alitaka dawa yake ya macho. Unajua maandishi madogo hayaoni siku hizi. Akamtuma Karwirwa kabatini. Humo mlikuwa na chupa mbili ndogo za umbo moja: ya Mama ya macho, na ya Muchangi ya kulainisha nta ya masikio. Mama akamwambia, "Soma vizuri kabla hujanipa." Mimi nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, nikamsikia binti yako akisoma kwa sauti bila kukwama: "Dawa ya macho. Matone mawili, asubuhi na jioni." Hata nilijivunia.

Gitari, ilikuwa ya masikio.

Mama alipiga nduru ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tulipomzika Baba. Tulimwosha jicho kwa maji mengi, tukamkimbiza hospitali kwa pikapu ya Gachoki. Limefungwa kitambaa, na daktari anasema kitatolewa Ijumaa ndipo ajue kama limeumia ndani. Mpaka ninapoandika hatujui kama ataona tena kwa jicho hilo. Usingizi hauji.

Sasa sikia kilichonichoma zaidi. Nilidhani mtoto hakuangalia vizuri. Kesho yake, mchana kweupe, nikampa ile chupa asome. Akainama. Nikampa pakiti ya ule unga tulioanza kununua juzi. Akataja jina la unga wetu wa zamani, kwa sababu rangi zinafanana. Nikaandika "Muchangi" kwenye karatasi. Akaniangalia, akaangalia simu mezani, akaanza kulia. Simu ilikuwa imezima kwa sababu stima ilipotea tangu Jumatano.

Simu ndiyo humsomea, ndugu yangu! Anapiga picha ukurasa, simu inausema kwa sauti, yeye anaushika kichwani na kuurudia. Kazi ya shule nayo huletwa kwa simu na kurudishwa kwa simu, na alama unaziona zinapanda. Mtoto wa Gredi ya Tano, na hawezi kusoma jina la binamu yake.

Unakumbuka Jumapili zile anazokusomea kitabu baada ya kanisa? "Kuku twelve walitoka bandani." "Fungua ukurasa wa thirty-two." Tulicheka sote, ukasema binti yako anasoma kama Mzungu, ukawatumia wenzako wa kazi wasikie. Wacha nikwambie: alikuwa akiiga sauti ya simu, na lafudhi yake yote, hata namba inavyozitaja kwa Kiingereza. Sote tulikuwa tukiipigia simu makofi.

Nimekasirika, sikufichi. Nimeikasirikia shule, na wewe pia nimekukasirikia kwa ajili ya hiyo tableti unayotaka kumnunulia, na ile akademi ya mjini unayotaka kumpeleka muhula ujao, ile uliyosifu eti watoto hawabebi hata daftari. Huko atajificha vizuri zaidi. Atajificha mpaka awe mama mzima anayeomba majirani wamsomee dawa ya mtoto wake.

Lakini yeye usimgombeze. Chakula hagusi, na analala miguuni pa Mama. Mama amemwambia daktari, pasta na kila anayekuja kumwona kwamba ni yeye mwenyewe aliyechanganya chupa, ni uzee. Tunaojua ukweli ni sisi watatu, na sasa wewe.

Ijumaa jioni, 14 Machi.

Barua hii niliiacha wazi nikingojea leo. Kitambaa kimetolewa. Kwa jicho hilo Mama anaona mwanga, na anaona kuna mtu amesimama, lakini hajui ni nani mpaka aongee. Daktari anasema litapona polepole ila haahidi kwamba litapona lote. Nimeshukuru Mungu na bado naogopa, yote kwa pamoja.

Sasa sikia aliyoyafanya huyu mama yetu. Unakumbuka alivyojifunza kusoma ngumbaru, pale kanisani, sisi tukiwa tayari shuleni, na tulivyomcheka akiimba ba be bi bo bu huku akikamua ng'ombe? Tangu Jumamosi amekuwa akimwita Karwirwa kitandani. Anamwaga unga kwenye sinia, anachora herufi kwa kidole bila hata kuiona vizuri, mtoto anaitaja, anafuta, anachora nyingine. Mtoto akikwama Mama hamsukumi. Anangoja tu. Mimi ningekuwa nimeshapasuka, unanijua.

Jana akachora jina refu. Karwirwa akalihangaikia mpaka chai ikapoa: "Mu... cha... cha..." Mwishowe akalisema lote kwa nguvu, na Muchangi akaitika kutoka nje akidhani anaitwa. Tulicheka tukalia. Usiku huo mtoto alikula.

Kwa hivyo nakuomba, na si ombi la mzaha: mwache hapa. Nipe mwaka huu. Simu nitaiweka mimi. Hiyo tableti iache dukani, utume vitabu vya watoto wadogo kabisa, na usimwambie kwamba ni vya wadogo. Jumapili atakusomea sentensi moja. Itakuwa na kigugumizi na kimya kirefu katikati. Usidhani mtandao umekatika, na ole wako uikimbize.

Msalimie sana Kawira, na umsomee barua hii mwenyewe. Msalimie pia mwenzako Salesio, mwambie mkewe alijifungua salama na mtoto ananenepa. Muchangi anakusalimu na anaulizia viatu. Mama anasema Mungu akulinde njiani na kazini, akurudishe wakati yeye bado ana jicho la kukutambua.

Unijibu kwa karatasi. Andika herufi kubwa, zilizoachana, kwa Kiswahili chepesi. Mama ameapa kwamba bahasha yako haitafunguliwa na mtu mwingine: atakayetusomea ni Karwirwa, mbele yetu sote, neno kwa neno, chochote utakachokuwa umeandika juu yake.

Ni mimi dada yako akupendaye hata nikiwa na hasira,
Angeline