Kitanda Kilipokwama kwenye Ukuta Wangu

Jumamosi, Tuwan, Kitale. Mvua ilianza alfajiri ikaacha saa nne. Leo sikwenda kazini. Mabega yanauma kama siku zote, lakini mara hii si kwa sababu ya magunia.

Leo tulibeba kitanda.

Nieleze vizuri, maana nikisoma haya baadaye nitadhani nilikuwa nimelewa. Watu wa kaunti wanataka kutengeneza njia za mtaa wetu, wamwage changarawe na kuchimba mtaro wa maji. Wamesema hawaji na ramani yao. Sisi wakazi ndio tutakaosema njia iwe pana kiasi gani. Kwenye mkutano wa wiki iliyopita watu walibishana mpaka wakachoka. Huyu mita mbili, yule mita nne ili gari liingie, na wenye ploti hawakutaka kutoa hata moja. Ndipo jirani yangu Mama Chebet, anayeuza chapati, akasimama.

"Sisi mita hatujui," alisema. "Tunajua kubeba mgonjwa. Kitanda ikipita na watu wanne wameshika, njia inatosha. Ikikwama, hapo pabomolewe."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, halafu nikakumbuka chumba changu.

Chumba changu kiko kwenye kona, pale njia inapobana kuliko kwingine kote. Ni cha udongo na mabati yake yanavuja, lakini kodi iko chini, na kutoka hapo natembea kwa miguu hadi stoo ya mahindi ninakopakua magunia. Nikihamia mbali, nauli itakula kile kidogo ninachotuma nyumbani Myanga, kule Bungoma, alipo mke wangu na watoto. Mwenye ploti alishatuma maneno kupitia kwa Simiyu, msimamizi wake: chumba kitakachoguswa atakivunja chote, na hajengi tena.

Asubuhi wakatafuta watu wanne wenye nguvu.

"Baba Mercy, wewe ni mtu wa magunia. Shika mbele!"

Mtu atakataaje hapo?

Tulianzia mlangoni kwa Mama Chebet kuelekea barabara ya lami. Dada mmoja wa kaunti alitufuata na kopo la chokaa, na kila tulipokwama alipaka alama. Tulikwama kwenye ua wa mabati, kisha kwenye bafu la jirani, kisha kwenye ngazi ambayo mtu aliijenga mpaka katikati ya njia. Watu walituandama kama harusi.

"Pole pole bana, maiti itaamka!" kijana mmoja akapiga kelele. Mama aliyekuwa karibu naye akamkemea kama anayekemea pepo, ashindwe na alegee.

Tukafika kwenye kona yangu. Kitanda kikakwama kabisa.

Hapo nikafanya kile ninachofanya kila siku kazini. Mzigo ukigoma mlangoni, unauinamisha. Nikainua upande wangu, nikamwambia wa nyuma ashushe, kitanda kikasimama kwa ubavu, kikakwaruza ukuta, kikapita.

"Imepita!" nikasema. "Si mmeona? Imepita!"

"Aah, Baba Mercy! Hiyo ni ujanja ya stoo!"

"Ati imepita! Na mgonjwa ako wapi, mfukoni?"

Nikabisha. Nikasema mgonjwa anaweza kufungwa na leso. Nikasema mambo mengine ambayo sitaki kuyaandika.

Ndipo akaja mama mkwe wa Mama Chebet. Tunamwita Gogo, kama Wasabaot wanavyomwita nyanya. Miguu yake huvimba, na siku za kliniki mimi ndiye ninayembeba mgongoni hadi barabarani, kwa kuwa pikipiki haifiki kwake. Alikuja na mkongojo wake, akatuamuru turudishe kitanda nyuma ya kona na kukiweka chini. Akaketi, akalala, akafunika miguu na leso, akafumba macho.

"Haya, Baba Mercy. Inamisha."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Tukamwinua. Kitanda kikagota udongo. Nikasukuma kidogo, nao udongo ukamwagikia leso yake. Hakufungua macho.

Sikuinamisha.

"Paka chokaa," nikamwambia yule dada.

Halafu nikauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kutumia katika mkutano wowote, "Na mimi naenda wapi?"

Simiyu, yule msimamizi wa ploti, akajibu haraka, "Si kwenu ni Bungoma? Wewe ni mpita njia tu, ndugu yangu."

Wachache walicheka. Sikukasirika, maana ni maneno yangu mwenyewe. Miaka yote hii nimekaa nyuma kwenye mikutano, nimenyamaza, nikisema mimi napita tu, wenye mtaa waamue.

Gogo alikuwa bado amelala hewani juu ya mikono yetu. "Huyu mpita njia ndiye ananibeba," alisema. "Wewe wa hapa ulinibeba lini?"

Simiyu akaanza kuangalia simu yake.

Basi ikakubaliwa kwamba ukuta wangu hauguswi kabla sijapata chumba kingine upande huuhuu wa mtaa, kwa kodi ileile, na kwamba kamati ya mtaa ndiyo itakayokitafuta. Watu waliinua mikono kuonyesha wamekubali. Mikono huinuka haraka. Tutaona.

Njia inahitajika, hilo sibishi. Mgongo wangu unalijua. Kinachonisumbua ni kwamba kama Gogo asingelala pale, ningeendelea kubisha mpaka jioni, na pengine ningeshinda, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na nguvu kuliko wote.

Nimeketi hapa ndani nikisikia watu wakipita nje. Wanasimama mbele ya alama ya chokaa, wanasema maneno mawili matatu, wanaendelea na safari yao.

Mke wangu hajui lolote. Kesho baada ya ibada nitampigia. Sijui nianze na lipi: kwamba chumba kinaenda, au kwamba kitanda kile, aliyeshika mbele nilikuwa mimi.