Paka Aliyepewa Jina la Mama

Shoga, acha unachofanya usome hii. Nimejifungia chumbani, sitoki leo wala kesho.

Unaujua ule mchezo wa paka wa wifi yangu? Wa kwenye simu, anaweka chakula na mito, paka wanakuja, wanakula, wanamwachia kazawadi, wanaondoka. Eti unamtuliza akitoka kazini.

Sasa leo Mama kaazima simu yake aangalie picha za mjukuu. Mara simu ikalia, Mama akasoma kwa sauti, sebule nzima tunasikia: "Mama Mkwe amemaliza chakula chote."

MAMA MKWE. AMEMALIZA. CHAKULA CHOTE.

Kumbe paka wote kawapa majina yetu! Wifi akaganda na birika mkononi. Kaka akaanza kukagua dari kama fundi.

Mama akafungua mchezo. Paka limenenepa hilo, limejimwaga juu ya mto wa dhahabu!
"Huyu ndiye mimi?"
"Nisamehe, Mama."
"Na mto kama huu, nani mwingine anao?"
"Hakuna, Mama. Ni wako peke yako."

Shoga, Mama akatabasamu mpaka magego yakaonekana! "Basi niongezee chakula."

Mimi hoi, nimeshika mbavu, machozi yananitoka. Ndipo Mama akauliza, "Na hiki chembamba, kinakuja kula kila siku halafu hakiachi hata zawadi?"

Wifi akaweka birika mezani. Akaniangalia mimi. Kaka akaniangalia. Mama naye akageuka, taratibu, akaniangalia.

Ndiyo hivyo, niko chumbani. Na sahani ya chakula nimeingia nayo.