Sitoki Hapa Mpaka Gari Lije

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumaini baridi ya huko haijakugandisha, na yule bibi mgonjwa unayemlea ameacha kukurushia vijiko. Sisi huku wazima. Mgongo wa mama unauma ukijisikia, saluni inakwenda, na mdomo wangu unaujua, haujawahi kuugua. Usingizi tu ndio umenipiga chenga. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu ungenicheka kabla sijafika mwisho.

Habari yenyewe ni lile gari la baba. Unajua alivyofundisha watu udereva maisha yake yote kwenye vigari vya wenzake, vinavyokohoa kuliko yeye. Alipostaafu akasema naye sasa atapanda kitu kipya, chenye nailoni bado kwenye viti, rangi ya bluu. Akaagiza. Basi yule muuzaji kila akiulizwa anajibu gari lipo njiani, mpaka baba akambatiza jina la Bwana Njiani. Mara meli imechelewa, mara bandarini kuna foleni, mara kuna muhuri mmoja haujagongwa. Baba kila asubuhi ananyoa ndevu, anavaa koti lake la kijivu, anakaa kwenye kiti cha dirishani asije akapitwa na honi. Ugonjwa wa kifua ulipozidi tukataka kumpeleka hospitali akalazwe, akashika mikono ya kile kiti, akasema sitoki hapa mpaka gari langu lije. Tulicheka sote, hata yeye, mpaka kikohozi kikamkatiza. Akafia kwenye kiti kilekile. Nakumbuka nilipokupigia uliniuliza kama gari angalau lilishafika, nikakwambia hapana, na hapo ndipo uliposhindwa kabisa kujizuia kulia.

Baada ya mazishi nikasema hawa watu watanitambua. Nikawa naenda pale dukani na hasira zangu zote, wananipa maji ya baridi na sofa laini, natoka na njiani yangu mkononi. Cha ajabu mama hakuniunga mkono. Aliniambia niwaache, litakuja likitaka. Siku moja nikamjia juu, nikamwambia mama, baba amekufa akilingoja, wewe unawaonea huruma? Alikitupia jicho kile kiti, kama mtu anayeona umemsema mwenzake naye yupo anasikia. Nami, dada, sitakuficha, sipendi tena kukaa sebuleni peke yangu. Kile kiti kinalia. Hujakigusa, hakuna upepo, kinalia kama vile mtu anajiweka sawa juu yake. Nikawa najiambia ni mbao tu.

Wiki iliyopita, mvua inanyesha, nikaenda tena. Bwana Njiani kahamishwa, nikamkuta mama mmoja mnene mwenye miwani, mchangamfu, mgeni pale. Nikamtajia jina la baba. Akashangaa, akasema mbona mwenyewe katoka hapa sasa hivi. Nikamuuliza mwenyewe yupi. Akasema mwenyewe mwenye gari, yule mtu mzima wa koti la kijivu, mpole, hana makuu. Akaniambia huja mara kwa mara, huomba kukaa kwenye gari la maonyesho, hujifungia mlango na kusema peke yake. Yeye aliwahi kupita karibu akamsikia. Anasema: taratibu, achia klachi taratibu, usiangalie usukani, angalia mbali.

Dada, maneno hayo unayajua ni ya nani. Tumekua tukiyasikia uani, anawaambia wanafunzi wake na dashibodi anaipiga kwa kidole. Nywele zilinisimama, na unajua zangu nimesuka. Sikuuliza la pili. Nilitoka mbio, mwavuli nikauacha palepale, watu barabarani wanadhani nimeiba.

Nilipofungua mlango wa nyumbani, koti la baba lilikuwa kwenye msumari wake pale ukumbini, linachuruzika maji. Chini yake kidimbwi. Nikapiga ukelele nikimwita baba. Akanijibu mama kutoka jikoni, ananiuliza kelele za nini, naye anajifuta miguu iliyolowa.

Nilimwangalia yeye, nikaangalia koti, ndipo akili ikanirudia. Mwenyewe! Yule mama wa miwani hakusema mwanamume wala mwanamke, na mimi kwa woga wangu nikajijazia mwenyewe. Mama akanikalisha, sio kwenye kile kiti, akaniambia yote. Gari lilifika zamani, mara tu tulipomaliza kuzika. Bwana Njiani alipiga simu nyumbani, akapokea mama, naye mama akamwomba alifunike nyuma ya duka na mimi aniambie bado lipo njiani. Kumbe yule mtu niliyemtukana vile alikuwa ananihurumia! Nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, baba yenu alisema hatoki mpaka gari lije, na mimi namjua, hajawahi kula maneno yake. Asubuhi namsikia anasafisha koo. Likija ataondoka, nami nitabaki na nani? Halafu akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba baba alimwahidi atamfundisha kuendesha kwenye hilo jipya, hakutaka ajifunzie kwenye mikweche. Kwa hiyo anakwenda kujifunza. Koti analivaa ili asiende peke yake.

Mimi, niliyekwenda kugombana na dunia nzima, nikamsogelea mama tu. Kiti kikalia. Tukageuka sote wawili kukitazama, na hakuna aliyesema ni mbao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili hata mama halijui. Kesho yake nilirudi kuchukua mwavuli. Yule mama wa miwani alikuwa ameliosha gari, bluu inawaka, nailoni bado ipo. Akaniwekea ufunguo mezani, akasema niweke saini nilitoe, au nimpelekee mwenyewe. Niliushika. Niliuhisi mkononi mwangu. Kisha nikaurudisha, nikamwambia bado. Kwa hiyo usimlaumu tena muuzaji, dada, na usimlaumu mama. Anayelichelewesha gari sasa ni mimi.

Nimelichelewesha kwa ajili yako. Sisi tulikuwepo, tulimshika mkono. Wewe walikunyima ruhusa kazini, ukamzikia kwenye simu. Hukumuaga. Naogopa kumfungulia mlango aende kabla hujafika, halafu usinisamehe milele. Lakini pia mama anakonda, na mimi silali, na yeye baba amekaa mno kwenye kile kiti. Amechoka, nasikia anavyojigeuza. Omba ruhusa tena, lia, gombana, sijui, ila uje. Ukifika tutalileta gari mpaka dirishani na tutapiga honi. Mama atakaa kwenye usukani, mpaka kwenye kona tu, tena taratibu. Kiti cha pembeni hatakaa mtu. Mimi na wewe tutakaa nyuma, kama tulipokuwa wadogo, na safari hii hatutagombania dirisha.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Nisalimie bibi na vijiko vyake. Mimi nikishafunga barua hii nitakwenda kumwambia baba kwamba upo njiani. Tafadhali, dada, usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku