Nusu Kidonge kwa Jirani

Alhamisi

Na mimi niliyekuwa nikimtoa mfano kila kikao! Bi Mwanamkuu wa Makorora, mgonjwa wa presha asiyekosa dawa, pakiti zake daima tupu. Utafiti wetu ni wa kuwasaidia wagonjwa wasiache dawa, na leo nimemkuta akikata kidonge kwa kisu cha jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakata.

"Hii nusu ya Zuhura," akasema, bila haya. Kila asubuhi humpelekea jirani yake bakuli la uji lililofunikwa kawa, na nusu kidonge pembeni. Zuhura huyo huyo niliyemkataa mimi kwenye utafiti, kwa kuwa hana simu ya kupokea ujumbe wa kumkumbusha dawa.

"Mwanangu, nimeze peke yangu na mwenzangu anaugua hapo nyuma ya ukuta?"

Wajinga wawili wenye roho nzuri. Sasa presha zao zote ziko juu, na takwimu zangu zimeharibika. Mkuu wangu atanitafuna.

Nikamwambia ametolewa kwenye utafiti. Pakiti iliyobaki nikaichukua, ndivyo utaratibu unavyotaka. Hakulia. Aliuliza tu, "Na Zuhura nimwambie nini?"

Nikaitia pakiti mkobani.

Bakuli la jana lilikuwa limerudi na kashata, maana huku chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akanitilia zote mkobani, juu ya dawa zake. "Ule na wenzio kazini."

Nimezila njiani, peke yangu.